Kidole Kimoja Chini

Ala niliyomshonea Nyanzobe Lushinge
ilirudi baada ya siku nne,
imefungwa gazetini kama samaki aliyekosa mnunuzi.
“Nikikaa, kitako cha bastola kinanipiga hapa,”
akaonyesha ubavu. Palikuwa pamevilia damu.

Siku ile nilimpima amesimama.
Kosa langu. Nani husimama kutwa?
Yeye hulinda sanduku la mnunuzi wa dhahabu,
Mwanza hadi Sengerema kwa kivuko cha Kamanga:
huketi benchi la chuma, huinuka, hupanda ngazi,
hujipenyeza garini ubavu-ubavu,
na nyonga zake si nyonga za sajini Mhoja
ambaye kwa kipimo chake nimekata ala miaka kumi
nikidhani viuno vyote ni kiuno kimoja.

Keti, nikamwambia. Akaketi juu ya ndoo.
Inama, ufunge kamba za kiatu. Akainama.
Nyoosha mkono kama unayelipa nauli.
Hapo nikaona: ngozi imepanda mno,
imekaa kama mgeni aliyejisogeza mezani
kabla ya kukaribishwa.

Bastola yenyewe haiingii kibandani kwangu.
Huiacha kwa mwenzake, kule chini barabarani.
Mimi ninayo ya mninga, nimeichonga kwa mkono,
mtutu butu, kitako kinang'aa jasho la viganja,
na mjukuu wangu aliwahi kuisongea ugali.

Sasa sikiliza, maana wanagenzi hukosea hapa:
ukitaka ala ishuke, matundu ya mkanda yapandishe.
Nikayapandisha upana wa kidole, kidole changu,
hiki chenye kovu la shazia.
Na tundu la mbele nikalizidisha juu ya lile la nyuma
punje moja ya mchele wa Magu, basi,
ili kitako kiinamie mbele kidogo,
kama mtu mwenye sikio zito anaposemeshwa,
na mtutu utazame alikotoka.
Nikafumua mishono kumi na minane.
Nikalowesha ngozi, nikaivika ule mti,
nikaibonyeza kwa mfupa wa sangara
hadi kila ukingo ukajitaja.

Mabatini ngozi mbichi haianikwi juani.
Nikaiweka nyuma ya kibanda, jiwe linapotupa kivuli,
jiwe lililobeba nyumba nne na choo kimoja.
Tukangoja. Harufu ya dagaa ikapanda kutoka Mwaloni.
Akanunua mihogo, akanimegea.
“Miaka sita,” akasema, “sijaichomoa hata mara moja.
Ila usiku naota imenasa.”
Sikujibu. Nilikuwa napaka uzi nta.

Jioni akavaa. Akaketi, akainama, akainuka.
Ubavu kimya.
Nikatumbukiza ule mti, nikamwambia: chomoa.
Mkono ukashuka bila macho, ukaukuta,
na mti ulikuwa tayari unatazama ukuta wangu,
kalenda ya duka la mbegu,
picha ya mke wangu marehemu.

Alikuwa wa kwanza kushtuka.
Akaurudisha polepole, kwa mikono miwili.
“Imekuja upesi mno, fundi.”
Si ndivyo ulivyotaka?
“Nilitaka isinichome.” Akajifuta kiganja kwenye sketi.
“Kaza kidogo. Nipate nafasi ya kusema neno kwanza.”
Neno gani?
“Sijui. Lolote.”

Nikachukua bisibisi. Skurubu ile ya chini,
robo ya mzunguko. Akajaribu. Ikagoma, ikaachia.
Robo nyingine? Hapana, akasema, hapo hapo.

Honi ya kivuko ililia huko chini
naye akateremka vijiwe vya njia, mkanda hauchezi.
Matundu ya zamani sikuyaziba;
yamebaki mawili chini ya mapya, yamefumba kama macho ya paka.

Daftarini nimeandika:
*N. Lushinge. Chini kidole. Mbele punje.
Skurubu robo, aseme kwanza.*
Na kwenye mstari wa bei: bure,
nilimpima amesimama.